Wati sio joto: historia ya pasi ya kulehemu

 Huku Uingereza baridi imeanza kuuma, ila tuko salama na zamu zinaendelea kama kawaida. Leo sina habari za wodini wala za treni. Leo nataka niwape historia, tena ya kitu ambacho wengi wenu mmekiona kwenye kila kibanda cha fundi redio lakini hamjawahi kujiuliza kimetoka wapi: pasi ya kulehemu. Ile yenye kishikio kama kalamu nene, ncha ya moto, kamoshi kanapaa, na fundi kafumba jicho moja.

Imekujaje mimi nesi niandike mambo ya mafundi? Mdogo wangu aliyefungua kibanda cha kutengeneza simu na redio kanitumia ujumbe: "Dada, ukija mwezi wa kumi na mbili niletee pasi ya kulehemu. Iwe na wati nyingi kabisa, hata mia, maana hii ya wati 25 jioni haipati moto." Shemeji naye akadakia, eti apewe ya wati chache, kubwa itamuunguzia simu za watu alipe yeye. Binamu akamaliza kwa kusema zote ni sawa tu, moto ni moto. Watu watatu, majibu matatu, na hela ni zangu!

Basi nikawa nasoma jioni baada ya zamu. Nilichokikuta kimenifurahisha. Huo ubishi wenu ndio huo huo uliowasumbua mafundi wa dunia nzima kwa zaidi ya miaka mia moja. Wote walikuwa wanatafuta namna ya kutenganisha vitu viwili vinavyofanana kwa sura: wingi wa moto na ukali wa moto. Ukishaelewa hilo, huhitaji muuza duka akuambie ununue ipi.

Tuanze na kulehemu kwenyewe. Kulehemu si kuchomelea. Fundi geti anapochomelea, chuma chenyewe kinayeyuka na kushikana. Anayelehemu hayeyushi vile vipande anavyounganisha. Anayeyusha metali ya tatu, laini zaidi, inayopita katikati yao na kuwashika ikipoa. Hiyo ya tatu ndiyo lehemu, ingawa mtaani mafundi wengi huiita risasi tu, kwa sababu kwa miaka mingi ilikuwa na risasi ndani yake.

Kazi hii ni ya kale mno. Mrumi mmoja anayeitwa Pliny, aliyefariki mwaka 79 wakati mlima Vesuvius ulipolipuka, aliandika kwamba mabomba ya maji ya Warumi yalikuwa yakiunganishwa kwa mchanganyiko wa mafungu mawili ya risasi na fungu moja la bati. Bati hapa msifikirie paa la nyumba! Nasema ile metali yenyewe, nyeupe na laini.

Sasa sikilizeni ajabu ya mchanganyiko huu. Risasi peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Bati peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 232. Ukizichanganya ungetegemea upate kitu cha katikati. Wapi! Ukichukua bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, mchanganyiko unayeyuka kwenye nyuzi 183, chini ya zote mbili. Tena unayeyuka mara moja na kuganda mara moja, bila kupita hali ya uji uji. Mchanganyiko wa Pliny wenye risasi nyingi hupita kwanza kwenye hali ya uji, na kwa fundi bomba hiyo ilikuwa faida kwa sababu aliweza kuupaka kuzunguka bomba kama saruji mbichi. Kwa fundi wa redio uji ni balaa. Waya ukitikisika kidogo kabla lehemu haijaganda, kiungo kinakuwa kibovu ndani ingawa kwa nje kinaonekana kimeshika.

Tuje kwenye chombo chenyewe. Kwa muda mrefu pasi ya kulehemu ilikuwa bonge la shaba lililochongwa ncha, limefungwa kwenye fimbo ya chuma yenye mpini wa mti. Hakuna waya, hakuna swichi. Unaitia kwenye mkaa, inapata moto, unafanya kazi, ikipoa unairudisha. Mafundi wengi walikuwa na mbili, moja mkononi na nyingine jikoni. Shaba ilichaguliwa kwa sababu inapitisha moto upesi sana. Wale mliowahi kukaa karibu na mafundi bati wanaotengeneza vibatari na makarai mnaijua sura hii, maana kuna wanaofanya hivyo mpaka leo.

Angalieni fundi huyo alivyochagua pasi yake. Hakuwa na wati wala kipimajoto. Alichagua kwa uzito. Kazi ndogo, bonge dogo. Kazi kubwa, bonge kubwa. Kwa nini, wakati yote mawili yametoka kwenye jiko moja na yana moto ule ule? Kwa sababu bonge kubwa limebeba moto mwingi zaidi. Likigusa karai kubwa halipoi haraka. Na ukali wa moto aliupima kwa kusogeza pasi karibu na shavu bila kuigusa, au kwa kuona lehemu inavyoyeyuka ikigusa ncha. Kwa hiyo yule fundi wa mkaa alikuwa anavijua vitu vyote viwili na alivipima kimoja kimoja: wingi kwa uzito, ukali kwa shavu. Kuvichanganya kulianza pale umeme ulipokuja.

Umeme uliingia mwishoni mwa karne ya 19. Kule Detroit, Marekani, kampuni ya American Electrical Heater ilianza kutengeneza pasi za umeme katika miaka ya 1890. Shida ya kwanza ilikuwa waya wa ndani wa kutoa joto, maana waya nyingi zilikuwa zinaungua mapema. Mwaka 1906 Mmarekani Albert Marsh alipata hataza ya mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, unaoitwa nikromu, ambao unakaa mwekundu kwa moto kwa muda mrefu bila kuliwa na hewa. Jiko lenu la koili na pasi ya nguo vinadaiwa shukrani na mtu huyu. Mwaka 1921 Mjerumani Ernst Sachs alianzisha kampuni yake ya pasi za umeme za viwandani. Akaiita ERSA, yaani herufi mbili za mwanzo za jina lake na mbili za ukoo wake.

Wakati huo huo redio ilikuwa inaingia majumbani. BBC, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1922. Redio za siku zile zilikuwa na valvu za kioo, zimejengwa juu ya sanduku la chuma kama sahani iliyogeuzwa, na waya nene zimelehemiwa moja kwa moja kwenye vishikizo. Sahani ile ya chuma inanyonya moto kama sifongo inavyonyonya maji. Pasi dogo halifui dafu. Ndiyo maana mafundi wa valvu walitumia pasi za wati 60, 100, hata zaidi. Na hapo ndipo ikazaliwa imani kwamba pasi nzuri ni yenye wati nyingi.

Hebu tusimame hapa kidogo, maana hapa ndipo penye kiini.

Wati ni kipimo cha mwendo. Inakwambia moto kiasi gani unaingia kwenye pasi kila sekunde. Haikwambii ncha ina nyuzi ngapi. Mnakijua kibatari. Mwali wake una moto mkali kuliko maji yanayochemka mara kadhaa, ukiugusa unaungua papo hapo. Lakini weka debe la maji juu ya kibatari usiku kucha, asubuhi utakuta maji ya uvuguvugu. Ukali upo, wingi haupo. Sasa geuza. Beseni la maji ya kuoga lina joto jingi kwa ujumla wake kuliko kijiti cha kiberiti kinachowaka, lakini unatia mkono ndani na unasikia raha.

Sasa pasi ya kawaida isiyo na kidhibiti inafanyaje? Umeme unaingia muda wote, kiasi kile kile, iwe inafanya kazi au imelala mezani. Ikiwa imelala, inazidi kupata moto mpaka moto unaopotea hewani ulingane na unaoingia. Hata ya wati 25 inaweza kupita nyuzi 350 ikiwa imelala tu. Halafu unaipeleka kwenye kiungo kikubwa, tuseme mguu wa spika uliokamata bati, na ncha inapoa ghafla, kwa sababu kinachonyonywa ni kingi kuliko kinachoingia. Kwa maneno mengine, ni kali wakati huihitaji na ni dhaifu wakati unaihitaji!

Fundi mmoja wa redio wa Easton, Pennsylvania, aliyeitwa Carl Weller, alichoshwa na kitu kingine: kusubiri. Pasi kubwa za wakati ule zilichukua muda mrefu kupata moto. Akabuni pasi yenye umbo la bastola. Ndani kuna transfoma, na ncha ni kitanzi cha waya wa shaba. Ukibonyeza kitufe, mkondo mkubwa wa umeme unapita kwenye kitanzi na kinapata moto kwa sekunde chache. Ukiachia, unakatika. Aliomba hataza mwaka 1941, akaipata mwaka 1946. Kwa redio za valvu ilikuwa neema. Kipimo cha ukali kilikuwa kidole cha fundi: bonyeza, achia, bonyeza, achia.

Lakini kidole cha fundi kilikuwa kinakaribia kushindwa, kwa sababu vitu viwili vilikuwa vinakuja.

Cha kwanza ni transista, iliyobuniwa katika maabara za Bell huko Marekani mwezi Desemba mwaka 1947. Redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, Regency TR-1, ilitoka mwaka 1954. Transista za mwanzo zilikuwa za jerimaniamu, na jerimaniamu haipatani na joto. Valvu yenyewe ni ya moto, hata ukiichelewesha kwenye pasi haijali. Transista ukiichelewesha, imekufa. Mafundi walijifunza kuubana mguu wa transista kwa koleo wakati wa kulehemu, ili koleo linyonye moto kabla haujafika ndani.

Cha pili ni bodi. Mtu anayetajwa sana hapa ni Paul Eisler, mhandisi Myahudi kutoka Vienna aliyekimbilia London. Mwaka 1936 alitengeneza redio ambayo waya zake hazikuwa waya tena, bali njia nyembamba za shaba zilizobandikwa kwenye bamba. Ndiyo baba wa zile bodi za kijani mnazoziona ukifungua redio au simu. Shaba ile kwa kawaida ina unene wa kama sehemu 35 za elfu moja za milimita, nyembamba kuliko unywele, na imeshikwa na gundi tu. Ukiipa moto mkali au wa muda mrefu, gundi inaachia na njia inabanduka kama ganda la kitunguu. Fundi mwenye bastola ya wati 100 juu ya bodi ni sawa na kumpa sindano mtoto mchanga kwa mkuki.

Hapo wengi wakakimbilia upande wa pili: basi tutumie pasi ndogo kabisa. Huu ndio upande wa shemeji. Na hapa kuna fumbo ambalo sisi manesi tunalijua. Sindano butu huumiza kuliko kali. Pasi dhaifu inaunguza kuliko yenye nguvu! Kwa nini? Yenye nguvu inafikisha kiungo kwenye joto la kuyeyuka kwa sekunde mbili tatu, unaondoa mkono, kwisha kazi. Dhaifu inakawia. Sekunde tano, kumi, lehemu haijayeyuka vizuri, huku moto unatembea taratibu kwenye mguu kuelekea ndani ya kifaa. Ukija kuiondoa, umeshakipika, na kiungo chenyewe hakijashika.

Kwa hiyo dawa haikuwa wati nyingi wala wati chache. Dawa ilikuwa pasi yenye nguvu ya kutosha, lakini inayojua kujizuia.

Jibu zuri nililolipenda kuliko yote lilitoka katika miaka ya 1960, na linatokana na mtu ambaye jina lake hata hospitalini tunalo: Curie. Kina Curie tunawakumbuka kwa radiamu na mionzi, lakini kabla ya hayo Pierre Curie alichunguza sumaku. Mwaka 1895 alieleza kwamba kila metali inayoshikwa na sumaku ina kiwango chake cha joto ambacho ikikifikia, haishikiki tena. Chuma hupoteza hali hiyo kwenye nyuzi 770. Michanganyiko mingine hupoteza mapema zaidi, kutegemea umeichanganyaje.

Kampuni ya Weller, ile ile ya mwenye bastola, ikalitumia jambo hilo hivi. Nyuma ya ncha ya pasi waliweka kipande kidogo cha mchanganyiko wa namna hiyo. Ndani ya kishikio kuna sumaku iliyounganishwa na swichi. Ncha ikiwa baridi, sumaku inavutwa na kile kipande, swichi inawasha umeme. Ncha ikifika joto lililokusudiwa, kipande kinapoteza uvutano, sumaku inaachia, umeme unakatika. Ikipoa kidogo, inavutwa tena. Tak! Tak! Tak! Unausikia mlio mkononi. Hakuna kompyuta, hakuna chochote cha kurekebisha. Ukitaka joto jingine unabadilisha ncha. Zilipewa namba: 6, 7 na 8, yaani nyuzi 600, 700 na 800 za Farenhaiti za Kimarekani, kwetu ni kama 315, 370 na 425.

Mnaona walivyorudi kwa yule fundi wa mkaa? Baada ya miongo yote ile, vitu viwili vimetenganishwa tena. Wati ni akiba ya nguvu, kama lile bonge zito. Ukali unapimwa peke yake, kama kwa shavu, ila sasa shavu limewekwa ndani ya pasi.

Baadaye zilikuja stesheni zenye kihisi joto cha umeme karibu na ncha na kitufe cha kuzungusha kuchagua nyuzi. Hii kwangu ilikuwa rahisi kuielewa, maana ndivyo inavyofanya kazi inkyubeta ya watoto njiti. Hatuwashi hita kubwa na kuomba Mungu. Kuna kihisi kwenye ngozi ya mtoto. Akipoa hita inaongeza, akipata joto inapunguza. Hakuna nesi anayeuliza hita ya inkyubeta ina wati ngapi. Tunauliza mtoto ana nyuzi ngapi. Hakko, kampuni ya Osaka iliyoanza mwaka 1952, ilitoa stesheni moja, namba 936, iliyopendwa mpaka ikaigwa kila mahali. Yenyewe imeshaacha kutengenezwa, ila zile za kuiga bado zimejaa masokoni. Na siku hizi kuna pasi ndogo kama kalamu, mfano Pinecil, yenye kompyuta yake ndani, inayotumia umeme wa chaja ya USB-C. Yule fundi wa Detroit angeshangaa!

Sasa mabadiliko ya mwisho, na haya yanagusa kazi yangu moja kwa moja.

Risasi ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Kwa hiyo Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2003, na kuanzia tarehe 1 Julai 2006 vifaa vingi vipya vya umeme vinavyouzwa huko havikuruhusiwa kuwa na lehemu ya risasi. Badala yake ikaja lehemu ya bati asilimia 96.5, fedha asilimia 3 na shaba asilimia 0.5. Hii inayeyuka kwenye nyuzi 217 mpaka 220. Hesabu ya nyuzi 183 ikavunjika. Pasi nyingi za wati chache zilizokuwa zinatosha zikaanza kukwama, na zile zenye akiba ya nguvu na kidhibiti zikawa za lazima.

Lakini vifaa tiba viliachwa nje ya sheria hiyo kwa muda. Viliingizwa tarehe 22 Julai 2014, na vile vya kupimia sampuli maabara vikafuata mwaka 2016. Kwa nini hospitali zisubiriwe? Moja ya hofu ni kitu kinachoitwa sharubu za bati. Bati isiyo na risasi inaweza kuota nywele nyembamba za metali zenyewe kwa zenyewe, na unywele mmoja ukigusa njia ya jirani, umeme unapita pasipotakiwa. Mwaka 1986 FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba, iliwaandikia wakaguzi wake mwongozo kuhusu sharubu hizi baada ya kuonekana kwenye vifaa vya kurekebisha mapigo ya moyo. Risasi kidogo ndani ya bati huzizuia. Kwa hiyo ile sumu ilikuwa inafanya kazi ya ulinzi pia. Tangu nisome hayo, kila nikiwasha pampu ya dripu usiku nawaza jinsi dozi ya mgonjwa inavyopita kwenye mamia ya vitone vidogo vya lehemu ambavyo hakuna anayeviona.

Na nisipowaambia hili la afya nitakuwa nesi gani? Mafundi wengi wanaogopa moshi wa pasi wakidhani ni risasi. Sivyo. Kwenye joto la kulehemu risasi hairuki hewani kwa kiasi cha maana. Risasi inaingia kwa mkono: umeshika waya wa lehemu, kisha unakula mhogo bila kunawa, au unamshika mtoto. Moshi unatoka kwenye utomvu wa msonobari uliomo ndani ya waya, ambao kazi yake ni kusafisha metali. Moshi huo nao si wa mchezo. Hapa Uingereza unahesabiwa kati ya visababishi vikubwa vya pumu ya kazini. Na kadiri pasi inavyozidi kuwa kali, ndivyo utomvu unavyoungua na moshi unavyozidi. Kwa hiyo kuchagua nyuzi sahihi ni kulinda simu ya mteja na ni kulinda kifua chako pia.

Haya, tuje kwenye uamuzi.

Kuna jambo moja la nyumbani ambalo vitabu vya huku havilizungumzii sana: umeme kushuka jioni. Kwenye pasi isiyo na kidhibiti, volti zikipungua, wati zinapungua kwa kasi zaidi. Pasi ya wati 25 iliyotengenezwa kwa volti 240, ukiipa volti 180, inabaki na wati 14 tu. Ndiyo maana mdogo wangu analalamika kwamba jioni haipati moto. Hajakosea. Lakini stesheni ya wati 60 yenye kidhibiti, kwa volti hizo hizo bado inabaki na kama wati 34, na kidhibiti kinajua kuzitumia kufikisha nyuzi zile zile. Umeme ukirudi juu, haiunguzi kitu, maana inajizuia yenyewe.

Kwa hiyo kila mmoja wenu alishika kipande cha ukweli. Anayetaka wati nyingi yuko sahihi, anahitaji akiba. Anayeogopa kuunguza yuko sahihi, joto lazima lizuiwe. Binamu wa moto ni moto, wewe pole, historia imekukataa!

Hesabu zenyewe ni hizi. Kwa bodi za redio na simu, wati 50 mpaka 70 zenye kidhibiti zinatosha. Kwa lehemu ya risasi, weka nyuzi 320 mpaka 350. Kwa isiyo na risasi, 350 mpaka 380. Ukiona sekunde tatu zimepita na haijayeyuka, usikimbilie kuongeza nyuzi. Kwanza safisha ncha, kisha badilisha uweke ncha pana kama patasi badala ya ile kali kama sindano, maana ncha pana inapitisha moto zaidi kwa joto lile lile. Kuongeza nyuzi kuwe kwa mwisho. Ukiondoka mezani, ishushe au izime. Wenye ndugu Marekani, angalizo: pasi ya volti 120 ukiichomeka kwenye umeme wa nyumbani inavuta karibu mara nne ya wati zake, na haitamaliza hata asubuhi moja.

Nimeshaamua. Nanunua ya wati 60 yenye kidhibiti, ncha mbili pana na moja nyembamba, na kafeni kadogo ka kuvuta moshi. Ya wati mia sileti. Sabuni ya kunawia mikono kabla ya kula, hiyo mtajinunulia wenyewe.

Wasalimieni wote hapo, na bibi mwambieni dawa za presha anywe kila siku, sio siku anayojisikia vibaya tu.